Kipupwe Katika Chumba cha Watoto

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa basi mwezi wa Julai, akiwa amevaa shati jepesi lililomtosha kuanzia Kibaha hata Morogoro, huanza kujuta afikapo Mafinga, na gari likifika Makambako, pale barabara ya Songea inapoachana na ile ya Mbeya na Tunduma, na reli ya TAZARA inapopita ikielekea Zambia, hukumbana na upepo ambao haukuwa katika hesabu zake, hata aghalabu kitu cha kwanza akinunuacho stendi si chakula bali ni sweta la mtumba. Akiendelea kusini, akaupita mji wa Njombe uliokaa katika kimo cha karibu mita 2000 juu ya usawa wa bahari, akashika njia ya Songea hata Kifanya, ataona misitu ya misindano na mikaratusi, mashamba ya viazi, mahindi na maparachichi, na watu waliofunika vichwa vyao kwa kofia za kufuma saa nne ya asubuhi, ilhali jua limekwisha kutoka na linawaka.

Lakini mgeni ana mahali pa kurudi. Makala haya yanamhusu mwenyeji, tena aliye mdogo kuliko wenyeji wote: mtoto ambaye jioni hulazwa katika chumba cha nyuma cha nyumba njema ya matofali ya kuchoma, yenye bati linalong'aa, na ambaye alfajiri hukutwa amejikunja magoti yakigusa kidevu, pua yake baridi, na blanketi lake lina unyevu ambao mama hajui umetoka wapi. Wazazi wengi wa Njombe huichukua hali hiyo kuwa kudura, wakasema kwamba nchi hii ndivyo ilivyo. Nchi kweli ndivyo ilivyo. Ila chumba hakilazimiki kufanana na nchi.

Kwanza tuijue hiyo baridi yenyewe. Kadiri mtu apandavyo juu, joto la hewa hupungua kwa digrii sita hivi kwa kila mita 1000, na kwa hiyo Njombe, hata pasipo sababu nyingine, haina budi kupungukiwa na digrii kama 12 ikilinganishwa na pwani. Juu ya hayo huja kipupwe, msimu wa Juni hadi Agosti, ambao Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutolea mwelekeo wake kila mwaka, na ambamo nyanda za juu kusini-magharibi hutajwa kuwa miongoni mwa sehemu ambazo joto la usiku huweza kushuka chini ya digrii 10. Usiku wa kipupwe aghalabu hauna mawingu. Na pasipo mawingu, ardhi na kila kilichosimama juu yake hutoa joto lake likapaa mbinguni pasipo kizuizi, hewa iliyo karibu na ardhi ikapoa, ikawa nzito, ikateremka taratibu kuelekea mabondeni. Wenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, wanalijua jambo hili bila ya kufundishwa na mtu, maana wameona mara nyingi viazi vya bondeni vikiunguzwa na jalidi usiku mmoja, na viazi vya mteremkoni, hatua chache juu yake, vikasalimika. Sheria iliyoviunguza viazi vile ndiyo hiyo hiyo inayotawala ndani ya chumba cha watoto: joto hupanda na kutoroka juu, baridi hushuka na kutuama chini, na anayelala chini ndiye anayeipokea.

Mtoto naye ana udhaifu wake wa maumbile. Ngozi yake, ikilinganishwa na uzito wake, ni pana kuliko ya mtu mzima, na ngozi ndiyo mlango wa joto kutokea. Kichwa chake ni kikubwa kwa kiasi cha mwili, na kikiachwa wazi hupoteza sehemu isiyo ndogo ya joto. Mtu mzima akipatwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka ni kazi ya misuli inayozalisha joto; mtoto mchanga hana uwezo huo, bali huunguza akiba ya mafuta ya namna ya pekee aliyozaliwa nayo mgongoni na shingoni, na akiba hiyo si ya milele, hususan kwa aliyezaliwa kabla ya wakati. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba mtoto mchanga ambaye joto la mwili wake limeshuka chini ya digrii 36.5 amekwisha kupatwa na baridi, naam, hata kama halii. Na kuhusu nyumba, shirika hilo katika mwongozo wake wa mwaka 2018 lilisema kwamba digrii 18 ndani ya nyumba ni kiasi cha salama katika nchi na misimu ya baridi, na kwamba wazee, wagonjwa na watoto huenda wakahitaji zaidi. Mwenye kipimajoto, akikitundika katika chumba cha watoto cha Kifanya saa kumi na moja ya alfajiri mwezi wa Julai, asishangae akikuta tarakimu iliyo karibu na ile ya nje kuliko hiyo ya kitabuni.

Sasa swali ni hili: joto la jioni lilikwenda wapi? Ukuta wa matofali ya kuchoma ulipigwa na jua mchana kutwa ukashiba, jikoni kulipikwa, watu wanne au watano wamo ndani, na kila mmoja ni tanuri dogo. Joto halikukosekana. Lilikuwapo, likatoka, na mlango mkubwa wa kutokea ni ule ambao watu hawautazami kwa sababu uko juu ya vichwa vyao.

Babu zetu wa nyanda hizi walilala chini ya paa la nyasi, nene, lenye hewa iliyonaswa katikati ya majani yake, na moto wa mafiga ulikuwa ndani ya nyumba, watoto wakiuzunguka. Siyasemi haya kwa kutamani nyasi zirudi. Nyasi zilivuja, zilikuwa makao ya wadudu na panya, zilishika moto kwa cheche moja, na moshi uliojaa humo ndani ulidhuru macho na vifua vya vizazi vingi. Bati lilikuja na heri yake, na mwenye kulidharau ni yule asiyewahi kuamka usiku wa masika kuhamisha kitanda kutoka chini ya tone. Lakini katika mabadiliko hayo kilipotea kitu ambacho hakuna aliyekitia katika hesabu. Bati la geji 30, ambalo ndilo wengi wamudulo, halifiki unene wa nusu milimita. Ni chuma, na chuma hupitisha joto upesi. Na usiku usio na mawingu hutoa joto lake angani mpaka likawa baridi kuliko hewa yenyewe iliyolizunguka. Hewa ya vuguvugu ya chumbani hupanda, ikaligusa, ikapoa, ikashuka imekuwa baridi, na nyingine ikapanda mahali pake, usiku kucha. Nyumba ya matofali yenye bati tupu ni chungu kisicho na kifuniko: ukikoka moto utakavyo, mvuke utakwenda zake.

Ushahidi wake ni rahisi kuuona. Ingia katika chumba kama hicho jua linapochomoza, uinue macho. Upande wa ndani wa bati umelowa. Matone yamejipanga kwenye migongo ya mawimbi yake na kwenye ncha za misumari iliyotokeza chini, na mengine yamekwisha kufuata kenchi mpaka ukutani, yakaacha michirizi. Wenyeji husema bati linatoa jasho. Jasho hilo ni pumzi za watoto wenyewe, mvuke waliouvuta na kuutoa usiku, uliopanda, ukakuta chuma baridi, ukageuka maji. Na sehemu yake moja hurudi juu ya blanketi. Huo ndio unyevu ambao mama hakujua umetoka wapi.

Dawa yake ni dari. Si dawa ya siri, wala si ngeni, kwa maana katika nyumba nyingi za Njombe dari ipo. Ila ipo sebuleni. Na hapa mwandishi ataomba ruhusa ya kusema lililo moyoni mwake. Mwenye nyumba huyo huyo ambaye kwa miaka mitatu amewalaza wanawe chini ya bati tupu humwita fundi akamwambia, "Fundi, nataka jipsamu sebuleni, uniwekee na maua pale kwenye taa," na fundi akiuliza, "Na vyumbani je, mzee?" hujibiwa, "Vyumbani tutaona mwakani." Sebule ni mahali ambapo mgeni huketi kwa saa moja mchana akiwa amevaa koti, chumba cha watoto ni mahali ambapo miili midogo hulala saa kumi katika sehemu ya usiku iliyo baridi kuliko zote. Fahari hiyo imegeuza utaratibu juu chini. Kama fedha zinatosha dari ya chumba kimoja tu, basi akili na huruma zote mbili zinakubaliana kwamba chumba hicho ni cha watoto.

Wala dari ya chumba haidai jipsamu. Njombe ni nchi ya mbao, na katika viwanda vya kupasulia misindano yapo mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki baada ya mbao kutoka, ambayo huuzwa kwa bei ndogo na wengi huyatumia kwa uzio na mabanda ya nguruwe. Yakichongwa kingo na kupigiliwa kwa kubanana chini ya kenchi, hufanya dari isiyo na uzuri wa kumwonyesha mgeni na yenye manufaa kamili. Asiyeweza hata hayo aweza kushona viroba vilivyokwisha kazi ya mbolea, baada ya kuvifua vizuri, akavikaza kwa kamba na misumari ukuta hata ukuta. Kazi ya dari si kuwa nene. Ni kuinasa hewa itulie, kwa maana hewa iliyotulia ni miongoni mwa vitu vinavyopitisha joto kwa shida kabisa, na ndiyo siri ya sufi, ya blanketi, na ya manyoya ya ndege. Anayetaka kuongeza nguvu ya dari yake ya mbao aweza kuweka juu yake magunia ya maranda makavu, unene wa kiganja hivi, nayo maranda huko hupatikana kwa kuombwa tu. Hapa pana hadhari mbili ambazo fundi asizipuuze. Maranda hushika moto, kwa hiyo yasikaribie nyaya za umeme, taa, wala bomba la moshi wa jiko. Na ile nafasi iliyo kati ya dari na bati isizibwe. Iachwe ipitishe hewa kutoka upenu mmoja hadi wa pili, ili unyevu utakaopenya ukaushwe na upepo badala ya kuozesha mbao.

Baada ya paa hufuata upepo. Kipupwe cha Njombe huandamana na upepo wa kusi utokao kusini-mashariki, na huko Makambako upepo ni mwingi kiasi cha kuwavuta wataalamu waliokwenda kuupima kwa nia ya kuufanya umeme. Upepo hauhitaji dirisha wazi. Hupita chini ya mlango, pembeni mwa fremu iliyosinyaa kwa sababu mbao yake ilitiwa ikiwa bado mbichi, na zaidi ya kote hupita pale juu, ukuta unapokutana na paa, ambapo mafundi wengi huacha mianya mikubwa ya kupitisha mkono. Washa mshumaa wakati wa jioni yenye upepo, uupitishe polepole kando ya fremu na kona. Mahali ambapo mwali unalala ndipo palipo na tundu. Mianya ya ukuta huzibwa kwa udongo au saruji; ya fremu kwa vitambaa vilivyosokotwa; ya chini ya mlango kwa mfuko mwembamba uliojazwa mchanga au maranda, unaosukumwa mahali pake wakati wa kulala. Dirisha la wavu na nondo pasipo kioo, ambalo ni neema Tanga na Kilwa, si dirisha kwa Kifanya: lahitaji mlango wa mbao wa kufunga usiku, na pazia zito linalofika chini ya kizingiti chake.

Sakafu ya saruji nayo hunyonya joto la mwili kwa utulivu mkubwa, na godoro jembamba lililolala juu yake halizuii. Blanketi tano juu ya mtoto hazisaidii sana ikiwa ubavu wa chini unakaa juu ya jiwe. Kitanda chenye chaga, hata kikiwa kifupi, humwinua mtoto juu ya ile hewa iliyotuama, na mkeka au gunia zito kati ya chaga na godoro huzuia baridi ya chini. Kitanda kisiegemezwe ukuta wa nje, hasa ule unaokabili kusi. Kikisogezwa upande wa ukuta unaopakana na jiko, mtoto hupata faida bila ya gharama yoyote.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo lingetosha kuandikiwa makala yake peke yake. Watu wasipoujua mlango ambao joto linatokea, huamua kuongeza moto. Njombe haina upungufu wa mkaa. Miti ya miwati, ambayo Kampuni ya Miwati ya Tanganyika, yaani TANWAT, ilianza kuistawisha huko Kibena tangu mwaka 1949 kwa ajili ya magome yake yenye dawa ya kutengenezea ngozi, na ambayo baadaye ilienea hata katika mashamba ya wanavijiji, hutoa mkaa mgumu, unaodumu, usio na moshi mwingi. Jioni ya baridi kali jiko la mkaa hukokwa nje, likaachwa mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha likaingizwa chumbani walipolala watoto, mlango ukafungwa. Mzazi huamini kwamba madhara yote yalikuwa katika moshi, na moshi umekwisha. Hapo ndipo mauti yalipojificha. Makaa mekundu katika chumba kilichofungwa, kwa kukosa hewa ya kutosha, hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala koo. Ikivutwa, hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na damu hiyo, ingawa inazunguka kama kawaida, huwa haibebi tena uhai. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, miguu ikamlegea. Aliyelala huzidi kulala. Watoto, kwa kuwa hupumua upesi kuliko wakubwa, hudhurika mapema. Na dari nzuri na mianya iliyozibwa, yale yote tuliyoyasifu hapo juu, huifanya hatari hii kuwa kubwa zaidi: anayeziba chumba chake asithubutu kuingiza ndani yake moto usio na bomba la kutolea moshi nje. Jiko la mkaa hukaa jikoni, na huzimika huko huko. Mwenye kumkuta mtu katika hali ile na afungue milango na madirisha, amtoe nje mara moja, ampeleke hospitali apewe oksijeni, hata akiwa amezinduka.

Moshi wenyewe pia haukusamehewa. Shirika la Afya Duniani husema kwamba watoto wanaoishi katika moshi wa majumbani huwa na hatari ya nimonia iliyokaribia mara mbili ya ile ya wenzao. Kwa hiyo kumlaza mtoto jikoni karibu na kuni ili apate joto ni kumtoa katika dhiki moja kumtia katika nyingine.

Ziko njia za kupeleka joto kitandani bila ya kupeleka moto. Chupa au mpira wa maji ya moto uliofungwa vizuri na kuviringishwa katika taulo, au tofali lililopashwa kando ya mafiga na kufungwa katika kitambaa kizito, huwekwa kati ya shuka na blanketi nusu saa kabla ya kulala, kisha huondolewa mtoto anapoingia. Kuondolewa ni lazima, kwa sababu ngozi ya mtoto huungua kwa joto ambalo mkono wa mama hulihesabu kuwa vuguvugu. Nguo nyepesi mbili au tatu zilizopishana hushinda moja nzito, soksi zikiwa kavu. Godoro na mablanketi yatolewe juani kila siku jua linapowaka, nalo jua la kipupwe cha Njombe, nje ya siku za ukungu, ni kali na la bure. Na mtoto asilale na njaa: uji wa jioni wenye mafuta au karanga ni kuni za mwili wake, na mwili mdogo unaotumia chakula chake chote kujipasha joto hubakiwa na kidogo cha kukulia. Sisemi kwamba baridi ndiyo sababu ya udumavu unaouandama mkoa huu wenye chakula tele. Nasema tu kwamba jambo hilo halimsaidii mtoto.

Kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa na uzito mdogo, hakuna chombo kilichowahi kumshinda mama. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey wa Bogotá, katika Colombia, akiwa na upungufu wa vyombo vya kuwatia joto watoto njiti, alianza kuwafunga vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, na njia hiyo, ambayo katika hospitali zetu huitwa ya kangaruu, leo ndiyo inayoshauriwa na Shirika la Afya Duniani tangu saa ya kuzaliwa. Baba naye anacho kifua. Lakini usiku, mama anapolala usingizi mzito, mtoto mchanga alazwe chali, uso wazi, pasipo mto wala rundo la mablanketi linaloweza kumfunika pua. Joto lililopita kiasi lina hatari yake kwa wachanga, na anayetoka jasho shingoni amekwisha kuvishwa kupita haja.

Baadhi ya wasomaji watauliza kama haingekuwa salama zaidi kukiziba chumba kabisa, maadamu moto haumo. La. Unyevu wa pumzi ukikosa njia huzaa kuvu ukutani, madoa meusi yanayoanza nyuma ya kitanda na katika kona ya dari, na kuvu huingia mapafuni. Desemba 2020 katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka miwili, ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Sudan, alifariki kwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuvu ya nyumba waliyopangishwa, na mahakama ya uchunguzi wa vifo ilipolithibitisha hilo mwaka 2022, Bunge la nchi hiyo lilipitisha mwaka uliofuata sheria inayoitwa kwa jina lake, inayowalazimisha wenye nyumba za jamii kuondoa unyevu na kuvu katika muda maalumu. Nchi tajiri, yenye umeme na mabomba ya joto, nayo imefikwa. Chumba cha watoto kiwe na tundu dogo juu, upande usiopigwa na kusi, na madirisha yafunguliwe wazi kila mchana, walau saa mbili, hata kama kuna ubaridi. Hewa ya nje ya kipupwe ni kavu, na chumba kikavu hupata joto upesi kuliko kilicholowa.

Inafaa pia kusema kwamba kichomi, yaani nimonia, hakiletwi na baridi peke yake, kama wazee walivyoamini. Nimonia huletwa na vijidudu. Baridi, moshi, unyevu na lishe duni huvifungulia mlango. Chanjo dhidi ya aina zake kubwa, ambayo Tanzania iliianza mwanzoni mwa 2013, hutolewa bila ya malipo mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14, na baridi isiwe udhuru wa kuchelewa kliniki. Mama aliye mbali na kituo cha afya aweza kupima hatari kwa macho na saa: mtoto akiwa ametulia, ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 60 kwa aliye chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi mwaka, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au mbavu za chini zikibonyea ndani kila anapovuta hewa, hapana la kungoja asubuhi wala la kuchemsha majani, apelekwe.

Yaliyotangulia ni ya nyumba zilizokwisha kusimama. Kwa anayejenga sasa, na Njombe watu wanajenga, baraka nyingi zapatikana kwa kuchagua tu. Kiwanja kiwe mteremkoni, si bondeni penye vinyungu. Kwa kuwa nchi hii iko kusini mwa ikweta kwa kiasi cha digrii 9, jua la Juni hupita upande wa kaskazini wa mbingu. Basi dirisha kubwa la chumba cha watoto, lenye kioo, lielekee kaskazini lipokee jua hilo mchana, na ukuta wake wa magharibi uwe mnene, usio na kivuli cha mti, ili unywe jua la alasiri na kulitoa polepole watoto wakiwa wamelala. Choo, ghala na stoo ya magunia viwekwe kusini na mashariki vipigwe na kusi badala ya watoto, na mstari wa miti upande huo, mbali na nyumba kiasi cha kutoiangukia, upunguze nguvu ya upepo. Michoro mingi ya nyumba inayouzwa mijini imechorwa kwa ajili ya Dar es Salaam, ambako jua ni adui na upepo ni rafiki. Fundi wa Kifanya akipewa mchoro wa namna hiyo na aulize kwanza kaskazini iko upande gani, kisha augeuze kabla ya kuchimba msingi, na mbao za dari ya chumba kile ziagizwe pamoja na mabati, mwezi wa Aprili au Mei.